Aliyeingia Pangoni Hajatoka: Mwongozo kwa Uliyebaki Mlangoni

Ukikuta viatu na baiskeli kwenye mlango wa pango, maji yamejaa ndani na ukiita haitikii mtu, hesabu viatu. Usivue vyako.

Ndivyo kilivyoanza kisa cha Tham Luang, kaskazini mwa Thailand, Jumamosi ya tarehe 23 Juni 2018. Vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao msaidizi waliingia pangoni baada ya mazoezi, mvua ikanyesha mlimani, maji yakawafungia njia nyuma yao. Nje zilibaki baiskeli. Ilichukua siku 18 hadi wa mwisho kutolewa, na dunia nzima ilikuwa inatazama. Wengi hukisimulia kisa hicho kwa ajili ya ushujaa wa wapiga mbizi. Mimi nakirudia kwa sababu nyingine: sehemu kubwa ya kazi iliyowaokoa wale vijana ilifanywa na watu ambao hawakulowa hata magoti, na mambo kadhaa yaliyokaribia kuharibu kila kitu yangeweza kuzuiwa na mtu mwenye daftari.

Kwa hiyo mwongozo huu haufundishi kupiga mbizi pangoni. Hilo halisomwi gazetini. Ni wako wewe unayepeleka wageni kuogelea kwenye mapango ya Jambiani na Paje, wewe sheha au mwenyekiti wa kijiji, mwalimu uliyechukua darasa matembezi, mvuvi unayejua kuzama, na hasa wewe mwenye cheti cha kupiga mbizi baharini ambaye watu watakugeukia wote kwa pamoja wakisema, "Wewe si unajua? Ingia!"

Saa ya kwanza

Simamisha watu. Ndani ya dakika chache atatokea kaka wa aliyepotea anayevua shati, rafiki mwenye tochi ya simu, na kijana mmoja anayesifika mtaani kwa kukaa chini ya maji muda mrefu. Wote watatu wana nia njema na wote watatu wanaweza kuwa maiti kabla ya Magharibi. Mlangoni muweke mtu ambaye akisema "hapana" anasikika. Si lazima awe mkubwa wa cheo. Bibi mwenye sauti anatosha. Kazi yake ni moja: hapiti mtu bila kuandikwa jina, saa aliyoingia na saa aliyotoka.

Daftari hilo litaonekana upuuzi mpaka utakapolihitaji. Tham Luang, siku chache baada ya msako kuanza, maji yalipanda ghafla na watu wakaondolewa pangoni. Tarehe 28 Juni wapiga mbizi wawili Waingereza, Rick Stanton na John Volanthen, walikuwa wanawatafuta vijana, wakakuta wanaume wanne wazima wamekaa gizani. Walikuwa wafanyakazi wa pampu, sehemu ya waokoaji wenyewe. Wenzao walitoka, wao wakabaki, na hakuna aliyejua kwamba hawapo.

Kwenye ukurasa wa pili wa daftari andika habari za waliopotea: wangapi, umri, nani anajua kuogelea, nani ana pumu au kifafa, wameingia saa ngapi, wamevaa nini, wana taa ngapi, na kama wana mitungi, mingapi na ya ukubwa gani. Muulize kila shahidi peke yake. Wakiwa kundi wanasikilizana na kufikia asubuhi wote watakuwa na hadithi moja, ambayo huenda si ya kweli.

Kisha tafuta mkaa au chokaa. Chora mstari ukutani pale maji yanapogusa jiwe, andika saa kando yake. Baada ya robo saa chora mwingine. Mistari mitano ya namna hiyo itamwambia mwokoaji jambo ambalo hakuna kifaa atakachokuja nacho kitamwambia: maji yanapanda au yanashuka, na kwa kasi gani. Kwenye mapango ya mawe ya matumbawe yaliyo karibu na bahari, maji mengi ya ndani hufuata kujaa na kupwa, ila kwa kuchelewa. Mtu wa pwani anayejua bamvua na maji mafu ana elimu ambayo mpiga mbizi mgeni atakuja kuiuliza. Kwenye mapango ya milimani tazama juu, si mbele yako. Mvua inayojaza pango inaweza kuwa inanyesha bonde la pili huku mlangoni jua linawaka.

Piga simu mapema, hata kama bado una matumaini kwamba watatokea. Tanzania Bara ni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kenya ni 999 au 112. Zanzibar wapo Zimamoto na Uokozi, na wapo KMKM wenye watu wa majini. Anayepokea simu amezoea nyumba zinazoungua na magari yaliyogongana, kwa hiyo taja mambo manne bila kuyapamba: ni pango, lina maji, watu wangapi, na gari linafika hadi wapi.

Tafuta pia anayelijua pango. Tham Luang alikuwepo Mwingereza aliyeishi jirani, Vern Unsworth, ambaye alikuwa amelitembea miaka kadhaa. Ndiye aliyekisia vijana watakuwa upande gani, na ndiye aliyewaandikia wakubwa majina ya wapiga mbizi wa kuitwa. Kwetu mtu huyo mara nyingi hayumo kwenye orodha ya ofisi yoyote. Ni mzee aliyechota maji humo utotoni, au mtunza mzimu anayeingia kuweka ubani. Mletee kiti, mpe karatasi achore, na usimkatize akianza kwa kueleza pango ni la nani.

Jambo la mwisho la saa ya kwanza, nalo huua kuliko watu wanavyodhani: usiweke pampu ya petroli wala jenereta ndani ya mlango. Moshi wake haunuki vya kutosha kukushtua, na unajaza kila tundu lenye hewa ambalo aliyekwama analitegemea. Wachimba visima wanajua habari hii. Anashuka mmoja anaanguka, anamfuata ndugu yake anaanguka, anamfuata wa tatu. Mashine ikae nje kabisa, upande ambao upepo unaondoa moshi, na mpira mrefu ndio uingie.

Cheti cha baharini kiweke mfukoni

Baharini ukipata shida chini ya maji, mlango wako ni juu. Pangoni juu ni jiwe. Njia ya kutoka ni ile ile uliyoingilia, yote, kwa urefu wake, na huwezi kuifupisha kwa sababu umechoka.

Halafu kuna tope. Sakafu ya pango lenye maji hulaliwa na udongo laini ambao haujaguswa miaka mingi. Pezi moja likipiga vibaya linautibua, na viputo vya pumzi vinaangusha mwingine kutoka darini. Kufumba na kufumbua, maji uliyoyaona kama kioo yamekuwa chai ya maziwa. Kurunzi haisaidii, mwanga unakurudia usoni. Hapo ndipo mpiga mbizi hodari wa miamba ya Pemba au Watamu anapogundua kwamba siku zote alikuwa anaongozwa na macho.

Pangoni kinachoongoza ni kamba. Mtu anaifunga nje, mahali penye hewa na mwanga, anaifungua kadiri anavyokwenda na kuifunga kwenye mawe njiani, na wakati wa kurudi anaizungushia kidole gumba na cha shahada, anaifuata kwa kugusa. Juu yake hubanwa vishale vidogo vya plastiki, ncha zikielekea mlangoni, ili hata aliye gizani ajue upande wa kutokea kwa kupapasa. Kamba nayo ina ujanja wake: ikivutwa huteleza na kuingia kwenye ufa ambao mkono unapita lakini kifua hakipiti. Ndiyo sababu, ukiona kamba inatoka majini mlangoni, usiivute "kumsaidia" aliye mwishoni. Kaa nayo mbali na uwazuie wengine.

Hewa ina hesabu yake. Mmarekani Sheck Exley alichapisha mwaka 1979 kijitabu kilichochambua ajali za mapangoni, na kanuni alizozikusanya ndizo zinazofundishwa mpaka leo. Moja ni ya theluthi. Mtungi una baa 210: unaingia na 70, geji ikisoma 140 unageuka hata kama unaliona ulilolifuata, unatoka na 70, na 70 zinabaki kwa balaa. Kumbuka kwamba kwenye kina cha mita 10 kila pumzi inakula hewa maradufu ya juu, na mita 30 mara nne. Sasa mpe mtungi huo mtu aliyepaniki. Atavuta hewa haraka mno kuliko wewe, na theluthi yako ya balaa itakwisha kabla hamjafika nusu ya njia. Exley mwenyewe alifia Zacatón, Mexico, mwaka 1994, akijaribu kufika kina ambacho hesabu haikuwa na nafasi ya makosa.

Nguvu za mwili hazibadilishi hesabu hiyo. Saman Kunan alikuwa mwanajeshi wa zamani wa kikosi maalum cha majini cha Thailand na mtu wa mazoezi. Alijitolea kupeleka mitungi ndani ya Tham Luang ili ipangwe njiani kwa ajili ya uokoaji. Alfajiri ya tarehe 6 Julai, akiwa anarudi, alipoteza fahamu chini ya maji akafariki.

Tofauti na Kunan, Stanton alikuwa mstaafu wa zimamoto na Volanthen mtaalamu wa kompyuta. Kupiga mbizi pangoni lilikuwa jambo lao la mwisho wa wiki, ila walilifanya kwa miaka mingi kwenye mapango ya baridi, membamba, yenye tope. Dunia nzima watu wa aina hiyo ni wachache. Wewe unayesimamia mlango, swali lako kwa anayejitolea ni hili: umewahi kupita mapangoni, si baharini, bila kuona, ukifuata kamba, mara ngapi? Akianza kukueleza kina alichofika Mnemba, mshukuru na umpe kazi ya kubeba mitungi mpaka mlangoni.

Mchukulie yuko hai

Aprili 2017, kisiwani Mallorca, Mhispania Xisco Gràcia alipoteza kamba kwenye tope ndani ya pango la Sa Piqueta. Yeye na mwenzake walikuwa na hewa ya kumtoa mmoja tu. Mwenzake akatoka kuita watu. Gràcia akabaki kwenye chumba chenye hewa kwa takriban saa 60, kichwa kikimgonga na akianza kuona mambo yasiyokuwepo. Alitolewa hai. Miaka miwili baadaye, mmoja wa waokoaji wa Tham Luang, Josh Bratchley, alikwama yeye mwenyewe kwenye pango huko Tennessee, akangoja zaidi ya siku nzima ndani ya chumba chenye hewa mpaka Edd Sorenson alipomfikia. Na kwetu, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi wa mitambo akiwa hai ndani ya chombo, wakati nchi nzima imeshaanza kuhesabu maiti.

Kwa hiyo usimtangazie mzazi kifo kwa sababu tu saa zimepita. Lakini pia elewa hewa hiyo ikoje. Nje tunavuta hewa yenye oksijeni asilimia 21. Kwenye chumba walichokaa vijana wa Tham Luang ilishuka hadi 15. Kinachotesa kwanza ni ile hewa chafu tunayoitoa: inaleta kichwa kuuma, kuhema, usingizi, na maamuzi ya ajabu. Mtu anaweza kuacha mahali salama na kujitosa majini akiamini ameona mwanga.

Kama ni wewe uliyekwama, toka majini kabisa, hata maji ya nyuzi 25 yanakunyang'anya joto usiku kucha. Kaeni mmebanana. Taa moja iwake, nyingine zizimwe, na hiyo moja izimeni mkishaonana. Msipige kelele mfululizo. Kunyweni maji yanayodondoka darini, siyo yale ya mafuriko. Kocha wa wale vijana aliwahi kuwa mtawa wa Kibudha. Aliwafundisha kukaa kimya na kutuliza pumzi, na bila shaka utulivu huo uliwaongezea hewa na vilevile moyo.

Kumtoa

Kumpata ni nusu tu ya kazi, na ni nusu nyepesi. Stanton na Volanthen waliwafikia vijana tarehe 2 Julai, kilomita kadhaa ndani. Umati nje ulishangilia. Wao wawili walitoka na uso wa msiba, kwa sababu ya wale wafanyakazi wanne wa pampu. Waliwatoa mmoja mmoja kwa kuwazamisha kipande kifupi tu, na wanaume wale walirusha mikono na miguu kwa hofu mpaka ikawa vita chini ya maji. Ikiwa mtu mzima hawezi kuvumilia kipande kile, mtoto wa miaka 11 asiyejua kupiga mbizi atavumiliaje saa kadhaa gizani?

Yalifikiriwa mengi. Kutoboa mlima: mwamba mnene na hakuna aliyejua atobolee wapi. Kungoja masika yao yaishe: miezi, na oksijeni ilikuwa inashuka. Kuwafundisha kupiga mbizi: wangepaniki. Mwisho aliitwa Richard Harris, daktari Mwaustralia wa nusukaputi ambaye pia ni mpiga mbizi wa mapangoni, pamoja na mwenzake Craig Challen, daktari wa mifugo. Harris hakuamini kwamba mpango utafaulu, na serikali ililazimika kuwapa kinga wasishtakiwe ikiwa watoto watafia mikononi mwao.

Kila kijana alipewa kidonge cha kutuliza, akadungwa dawa ya kukausha mate ili yasimpalie, kisha ketamini ya paja. Akavishwa nguo ya mpira na barakoa inayofunika uso mzima, ambayo husukuma hewa nje ili maji yasipenye. Mikono ilifungwa nyuma, asije akazinduka na kujivua barakoa. Mpiga mbizi mmoja alimshika kama mzigo, kwa mkono mmoja. Mwingine uliishika kamba. Dawa haikudumu njia nzima, kwa hiyo wapiga mbizi, ambao si madaktari, walifundishwa kumdunga tena njiani. Kuanzia tarehe 8 hadi 10 Julai walitoka wanne, wanne, kisha watano. Wote hai.

Usije ukaiga. Nimeeleza kwa kirefu ili ujue kwa nini wataalamu wakifika watakaa siku mbili wakijadiliana mezani, na kwa nini kuwasukuma ni kosa. Wewe una kazi nyingine ya kufanya. Tham Luang, huku mabingwa wakipanga, wenyeji walipanda mlima kutafuta mashimo ambamo vijito vilikuwa vinazama, wakavielekeza kwingine kwa mabomba na vizuizi. Maji ya pampu yalimwagwa mashambani na wakulima wakakubali mpunga uharibike. Hiyo ndiyo iliyoshusha maji kiasi cha kupitika. Na usitawanyike mapema: baada ya kijana wa mwisho kutoka, pampu kubwa iliharibika na waokoaji waliokuwa bado ndani wakalazimika kukimbia maji.

Ikiwa ni maiti

Hapa ndipo shinikizo linapokuwa kubwa, hasa kwetu pwani ambako maiti haicheleweshwi. Mlete imamu au padri mapema akae na familia, kwa sababu utahitaji mtu wa kuwaambia kwamba kungoja kwa kukosa njia si kumdharau marehemu.

Boesmansgat ni pango lenye maji huko Northern Cape, Afrika Kusini. Kijana Deon Dreyer alifia humo Desemba 1994. Miaka kumi baadaye Dave Shaw aliuona mwili wake kwenye kina cha mita 270 hivi, akaahidi kuurudisha kwa wazazi. Tarehe 8 Januari 2005 alishuka. Mwili ukaelea bila kutarajiwa, kamba zikamtatiza, akahema kwa nguvu kwenye kina ambacho kuhema kwa nguvu kunaua, akafia hapo. Mwenzake Don Shirley nusura afe akijaribu kumfuata. Norway mwaka 2014, wapiga mbizi wawili Wafini walipofia kwenye pango la Plura, wataalamu walioitwa walisema hapana, ni hatari mno. Marafiki wa marehemu walikwenda kwa siri wakawatoa. Walifaulu, na bado nadhani wale waliokataa walikuwa sahihi siku ile walipokataa.

Kabla, na baada

Kama pango liko kwenye eneo lako na watu wanaogelea humo, usingoje msiba. Weka kamba ndefu, boya, daftari la wanaoingia, na ramani hata ya mkono. Kibao kiwe na maneno yanayotaja wakati. "Hatari" peke yake haimwambii mtu chochote. Tham Luang palikuwa na kibao kilichotaja miezi ya mafuriko, na vijana waliingia wiki moja kabla haijaanza. Mvua haikusoma kibao, kwa hiyo kwenye miezi ya shaka mlango ufungwe tu. Uliza leo chumba cha karibu cha kutibu wapiga mbizi waliopanda haraka kiko wapi na nani ana ufunguo.

Na wote waliotoka, waokoaji pamoja nao, wapimwe hata kama wanacheka. Mwanajeshi mwingine wa Thailand, Beirut Pakbara, alipata maambukizi ya damu kwenye uokoaji ule, akafariki Desemba 2019. Mapango ya kwetu yana popo, na pango la Kitum, kwenye Mlima Elgon, limehusishwa na wagonjwa wa homa ya Marburg wa mwaka 1980 na 1987 waliokuwa wamelitembelea. Homa ikikushika ndani ya wiki tatu, neno la kwanza utakalomwambia daktari liwe "pango", kabla hajaandika malaria.